Kibao cha Kiingereza na Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ukishuka kwenye pantoni pale Feri, Dar es Salaam, na kukata mji kwa miguu hadi Kariakoo, ungekutana na kibao kilekile mara nyingi njiani. Kipande cha bati jeupe, herufi za bluu zilizochorwa kwa mkono, mshale unaoelekea kwenye ngazi nyembamba, na bidhaa mbili zimetajwa pamoja: Kiingereza na Kompyuta. Vilianzia mitaa ya nyuma ya Posta, vikazidi baada ya Mnazi Mmoja, na ukifika Msimbazi vilikuwa vimebanana na vibao vya picha za pasipoti na tiketi za mabasi ya mikoani. Hakuna aliyeandika Kiingereza na Ushonaji, wala Kompyuta na Udereva. Ni hivyo viwili tu, miaka nenda miaka rudi, na kimojawapo cha vibao hivyo kilikuwa changu, ghorofa ya kwanza, jirani na Mtaa wa Sikukuu.

Vijana wa leo wanaona mchanganyiko ule ni kichekesho. Wazee wenzangu hujibu kwa mkato kwamba ilikuwa soko huria, kila mtu akitafuta riziki. Kweli tulitafuta riziki. Lakini soko huria peke yake halielezi kwa nini bidhaa hizi mbili zilifika mjini pamoja, zikauzwa na mtu yuleyule, kwa ada moja. Mimi nadhani chanzo ni maamuzi mawili, ule wa mwaka 1967 na ule wa mwaka 1974, ambayo yalipopitishwa hakuna aliyeyaona kuwa na undugu wowote.

Kiingereza cha kwanza nilichokiona kikifanya kazi kilikuwa cha Feri. Mama alikuwa mkaangaji wa samaki pale Magogoni, enzi mnada ukifanyika mchangani, kabla ya soko la sasa lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 2002. Mabaharia wa meli zilizotia nanga walifika kutafuta kamba na pweza, na vijana wa ufukweni waliwahudumia kwa maneno ya kuhesabika: bei, idadi, pesa gani, meli inang'oa nanga lini, inaelekea wapi. Swali hilo la mwisho lilikuwa na uzito wake, maana baadhi ya waulizaji walikuwa wazamiaji watarajiwa. Wako waliozamia kweli wakaibukia Durban au Ugiriki, na waliorudi walirudi na Kiingereza ambacho walimu wetu wa sekondari hawakuwa nacho. Hakikujali wakati uliopita wala wingi, lakini pweza aliuzika.

Cha shuleni kilikuwa na mambo yake. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka huohuo wa 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia darasa la kwanza hadi la saba nchi nzima, na Kiingereza kikabaki somo mojawapo. Ukiingia kidato cha kwanza kibao kinageuka: jiografia, baiolojia na hesabu, vyote kwa Kiingereza. Sina ugomvi na uamuzi ule. Mimi ni zao lake, na bila huo watoto wengi wa wakaanga samaki wasingejua kusoma chochote. Ila ulituachia watu wazima wengi waliomaliza la saba na akili zao timamu, wakijua Kiingereza cha salamu tu, kisha wakakuta fomu ya kazi, maelekezo ya dawa na karatasi za bandarini vyote viko kwa lugha ile. Hao ndio waliokuja kuwa wateja wangu.

Kwa mtu wa katikati ya mji pa kukimbilia palikuwapo. Chuo Kikuu chenyewe kilianzia Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, tarehe 25 Oktoba 1961, kabla hakijahamia kilimani. Ng'ambo ya pantoni, Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka huohuo. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na ilikuwa mahali pekee ambapo kijana wa Kariakoo angekaa chini ya feni bila kuulizwa anangoja nini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha kwa posta: unaletewa somo kwenye bahasha, unajibu, unarudisha, unangoja alama. Kule Samora, pembeni mwa Ohio, palikuwa na maktaba ya British Council, ambako tulikwenda tumevaa shati la Idi.

Mashine ya kwanza ya kufundishia Kiingereza mtaani kwetu ilikuwa redio. Baba yangu mdogo, karani wa bandarini, alikuwa na National ya mawimbi mafupi, na jioni aliitafutia Sauti ya Amerika, kile kipindi cha Kiingereza chepesi kilichoanza mwaka 1959: mtangazaji anasoma taratibu, sentensi fupi, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 tu. Alipopata redio kaseti, alianza kukirekodi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu redio haikungoji lakini kaseti unairudisha nyuma. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zote za Kariakoo ya wakati ule, vyumba sita na ukumbi katikati, na wapangaji walitoka na vigoda kusikiliza. Fundi cherehani wa chumba cha mbele ndiye aliyeshika kitufe. Mtu akisema "rudisha", anarudisha. Mtu akisema "nimeshaelewa", mwingine anabisha. Naitaja picha hii kwa makusudi, maana nilikuja kuiona tena mbele ya mashine za bei kubwa zaidi.

Sasa kuhusu 1974. Kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mtambo wa aina ya ICT 1500 kutoka kampuni ya Kiingereza. Ikafuata mingine michache. Lakini mitambo ile ilipokabidhiwa hesabu za Serikali, hesabu zikavurugika na fedha nyingi zikateketea, na mwaka 1974 amri ikatoka: marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, na televisheni vilevile. Televisheni haikuonekana Bara mpaka mwaka 1994, zilipoanza DTV na ITV, ilhali Wazanzibari, mwendo wa saa chache kwa boti kutoka hapo Feri, walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huwa nawasikia wachumi wakiicheka amri ile. Mtu aliyepoteza pesa kwa mashine asiyoweza kuitengeneza ana haki ya kuiogopa. Ila muda wa hofu hiyo ulikuwa mrefu, karibu miaka 20, na duniani ndiyo miaka ambayo kompyuta ilitoka kuwa mtambo wa chumba kizima ikawa kifaa cha mezani.

Mwaka 1984 unaonyesha vizuri tulikuwa wapi. Tume ya Makweta, iliyochunguza elimu yetu, ilikuwa imeshapendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo hilo lilikuwa limekataliwa. Wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakazunguka shule zetu na kuandika kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawafuati masomo yanayotolewa kwa Kiingereza; kisha wakashauri Kiingereza kiendelee na kiimarishwe. Mimi wakati ule nilikuwa chuo cha ualimu na sikuhitaji mgeni wa kuniambia sehemu ya kwanza. Mwaka huohuo, kwao Uingereza, John Higgins na Tim Johns walitoa kitabu kuhusu kompyuta katika kujifunza lugha. Higgins alikuwa na hoja ninayoipenda mpaka leo: kwamba kompyuta isikae kwenye kiti cha mwalimu mwenye fimbo, iwe kama yule mtumwa wa Ugiriki ya kale aliyemsindikiza mtoto wa tajiri shuleni, ambaye hujibu akiulizwa na kunyamaza akiamriwa. Wenzetu walikuwa wanabishana mashine iwe bwana au mtumwa, na kwetu mashine yenyewe inahitaji kibali kuvuka forodha. Msaada wa Waingereza ulipofika, mwaka 1987, ulikuja kama masanduku ya vitabu vya hadithi nyepesi yaliyogawiwa shule za sekondari. Vilikuwa vitabu vizuri. Vilisomwa mpaka majalada yakatoka.

Halafu milango ikafunguka yote. Mzee Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, "ruksa" likawa neno la mjini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kuingia kupitia Dubai, nyingi zimeshatumika, zimefungwa kwenye maboksi pamoja na mazulia. Wakati uleule ofisi za watu binafsi, mashirika ya misaada, hoteli na kampuni za simu zilianza kuajiri, na matangazo yao ya kazi yalidai mambo mawili. Kwa nchi nyingine Kiingereza kilikuja na mkoloni, kikakua, kompyuta ikaja kukikuta. Kwa mtu wa Kariakoo aliyemaliza la saba miaka ya 1970, vyote viwili vilikuwa vimefungiwa nje ya mlango wake, na vilipoingia viliingia kwa mkupuo. Wala huwezi kuvitenganisha. Ukimwashia mtu mashine ya mwaka 1995, kila kitu kinachotokea kwenye kioo kimeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa kuamuru: fungua, hifadhi, futa, una hakika? Nilijaribu kufundisha WordPerfect kwa watu wasiojua Kiingereza, nikajikuta nafundisha vitenzi. Mwalimu wa chumba cha jirani, aliyekuwa na kozi ya Kiingereza peke yake, alipoteza wanafunzi mpaka aliponunua kompyuta moja na kuiweka mezani, haina hata mausi.

Chumba changu kilikuwa na mashine nne na viti kumi na viwili. Hesabu hiyo ndiyo iliyotawala kila kitu. Programu zote za kufundishia lugha zilizotengenezwa Ulaya na Marekani zilimdhania mwanafunzi mmoja, hedifoni masikioni, mlango umefungwa. Kwetu watatu walikaa kwenye kioo kimoja: mmoja kwenye batani, mmoja anasoma kwa sauti, wa tatu anasimamia haki. Hedifoni tulizichomoa, tukaunganisha spika.

Wanafunzi wa jioni walitoka Feri kwa wingi, kwa sababu mnada unaanza alfajiri na mchana wao umekwisha mapema. Wachuuzi, makuli, mabaharia wasio na meli, mama lishe wenye ndoto ya hoteli. Waliokaa Kigamboni walikuwa wakiangalia saa, wakihesabu foleni ya pantoni. Na nauli ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012, wawili watatu wa ng'ambo waliacha kabisa. Kibodi zangu zilinuka nguru. Fundi aliyekuja kuzisafisha alidai nyongeza.

Mwalimu wao mkuu, kusema kweli, alikuwa Mavis Beacon. Programu hiyo ya mwaka 1987 ilitengenezwa kufundisha kupiga chapa, wala haikuwa na nia ya kumfundisha mtu Kiingereza. Lakini anayejifunza kupiga chapa hunakili sentensi, na sentensi zote zilikuwa za Kiingereza, zinasahihishwa papo hapo, na mwisho unapewa kasi yako kwa dakika. Watu wangu walinakili aya nzima kuhusu wanyama, hali ya hewa na maisha ya wavumbuzi, wakaniuliza maana baada ya vidole kuzoea. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mwanamke mweusi aliyevaa kiofisi, mwenye utulivu wa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, nao wakamwita Bi Mavis. Hakuna aliyetilia shaka kwamba yupo. Mavis Beacon hajawahi kuwapo. Jina lilitungwa na kampuni, na aliyepigwa picha ni mwanamitindo mzaliwa wa Haiti, Renée L'Espérance. Nilipolijua hilo sikulitangaza darasani. Katika sauti na sura zote zilizotoka kwenye mashine zile, ni yeye tu aliyefanana na shangazi zao.

Programu ya pili ilikuwa Word ya mwaka 1995 na kuendelea, ile iliyoanza kupigia mstari mwekundu neno linalotiliwa shaka wakati bado unaandika. Mwalimu wa kibinadamu huchoka. Ule mstari haukuchoka. Watu walijifunza tahajia kwa kuukimbia. Shida ni kwamba uliwapigia mstari pia Mwanahamisi, Shabani, Kariakoo na Kigamboni, na kijana mmoja akaanza kuandika jina lake kwa namna ya Kizungu ili mashine imwache. Nilimkatalia. Akajibu kwamba barua ya kuomba kazi yenye wekundu juu kabisa haitasomwa. Hakujua kwamba wekundu hautoki kwenye printa, nami nilifurahi kuwa na jibu jepesi kwa swali lililokuwa zito.

Sidii za Kiingereza zenyewe, zile zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zilikuja baadaye. Tulizinunua Kariakoo zimechomwa, kwenye mfuko wa nailoni, jalada limetolewa fotokopi. Mazungumzo yalikuwa ya kununua tiketi ya treni, kulalamikia baridi na kuagiza mvinyo. Mwanafunzi wa Gerezani anajifunza kumwambia mhudumu kwamba supu imepoa. Kulikuwa na moja iliyokuja na maikrofoni: unatamka, na mshale unakwenda kwenye nyekundu au kijani kulingana na ulivyofanana na Mmarekani. Darasa zima lilikwama kwenye nyekundu wiki nzima mpaka baharia mmoja mstaafu, kwa hasira, akasema ile sentensi kwa sauti ya puani ya askari wa kwenye filamu. Kijani. Kuanzia siku hiyo wote waliigiza, na mimi nikaiondoa sidii kwenye mashine, kwa kuwa walikuwa wanajifunza sinema.

Iliyonifaa kuliko zote ilikuwa ya zamani kuliko zote. Mwalimu mwenzangu aliyerudi kutoka masomoni Uingereza aliniletea disketi yenye programu ya Storyboard, kazi ya Higgins yuleyule. Haikuwa na picha wala sauti. Mwalimu anaandika aya yoyote aitakayo. Mashine inaificha yote, inaacha vistari mahali pa kila herufi. Darasa linakisia neno, na neno likiwa sahihi linajitokeza kila mahali lilipo kwenye aya. Basi. Niliandika aya kuhusu mnada wa Feri: boti imefika, dalali anataja bei, changu na kolekole wamepangwa chini, mnunuzi analalamika.

Vijana waliomaliza kidato cha nne walianza kwa maneno makubwa waliyoyakariri, na mashine ikawakatalia moja baada ya jingine. Mtu mmoja akataja kile kineno kifupi ambacho Waingereza hukitanguliza mbele ya nomino zao na ambacho sisi hatuna, kioo kizima kikawaka. Kelele zilisikika mpaka chini dukani. Nilikuwa nimewaeleza kanuni ya kineno hicho kwa muda mrefu bila mafanikio. Pale waliona kwa macho kwamba kimejaa kila mahali, na wakaanza kuuliza kwa nini hapa kipo na pale hakipo. Kisha mpara samaki mmoja, mama wa makamo aliyezoea kukaa nyuma na kunakili kimya, akasema neno la bei. Likatokea. Akasema la kilo. Likatokea. Akaeleza kwa Kiswahili kwamba baada ya bei mnunuzi lazima akatae, kwa hiyo hapo patakuwa na neno la kukataa, na baada yake patakuwa na samaki anayeharibika. Alikuwa anajua mnada unavyokwenda, na aya ilikuwa ni mnada. Wale wa kidato cha nne wakageuza viti. Tangu jioni hiyo sikununua tena sidii. Niliandika aya za Feri, za bandarini, za kontena lililokwama forodhani, za mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Disketi ilipoharibika nilikuwa nimeshanakili nyingine. Mgawo wa umeme ulipoanza, ule mkali wa 2006, tuliucheza mchezo huohuo kwa chaki ubaoni, vistari na yote, mishumaa imewashwa. Haukupungua utamu.

Lazima niseme pia kuhusu jaribio la kuvitenganisha vile viwili. Desemba 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoonyesha kila kitu kwa Kiswahili, bure kabisa. Nililipokea jambo lile kwa shangwe. Nikaiweka kwenye mashine moja, ile ya dirishani. Kiti cha dirishani, ambacho kwa miaka watu walikigombea kwa sababu ya upepo, kikawa kitupu. Mchuuzi mmoja aliniambia bila kunung'unika kwamba amelipia Kiingereza na Kompyuta, na hapo pana kompyuta tu. Wasomi waliitengeneza kwa mtu anayezuiwa na lugha asifike kwenye mashine, na watu hao wapo. Waliopanda ngazi zangu walikuwa wanaitumia mashine kama njia ya kuifikia lugha. Kazi ile ilikuwa njema na ninaiheshimu; ilikuja tu mahali ambapo bidhaa mbili zilikuwa zimeshaungana miaka kumi na zaidi.

Intaneti kafe nitazipita haraka. Zilijaa mjini kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, watu wakaandikiana na wachumba wa ughaibuni, na Kiingereza cha mapenzi kikaendelea kwa kasi ambayo Bi Mavis asingeipima. Vibanda vya video navyo vilikuwa vinavuta upande mwingine: Lufufu na wenzake walisimulia filamu za Kizungu na za Kichina kwa Kiswahili kitamu kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kusikia mwigizaji anasema nini. Wanafunzi wangu walitoka kwangu wakaingia kwake, na wengine walikuwa na ujasiri wa kuniomba ruhusa.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu, na mwaka huohuo Google ikaongeza Kiswahili kwenye programu yake ya kutafsiri. Chini kwenye mitaa, kuanzia Msimbazi hadi Aggrey, meza za simu zikaota kila kona: "tunaingiza nyimbo, video, kamusi". Kwa bei ya soda, kijana anakuwekea kwenye memori kadi kamusi, kitabu cha sarufi na masomo ya sauti, mzigo ambao mimi niliukusanya kwa miaka. Wanafunzi walianza kuja na swali wameshalitafutia jibu. Kisha wakaanza kuja bila swali. Kisha wakawa wachache. Programu kubwa za simu zilipokuja, tulizijaribu pamoja. Duolingo ilipoweka Kiswahili mwaka 2017, vijana walishangilia mpaka tulipoifungua: ilikuwa inamfundisha Kiswahili mtu anayejua Kiingereza. Aliyetaka kwenda njia ya pili ilibidi ajifunze Kiingereza kupitia lugha nyingine ya kigeni, na mmoja wao, kwa ukaidi wa Kikariakoo, alijaribu kupitia Kiarabu cha madrasa.

Hata hivyo sidhani ni simu iliyoniondolea kibao. Ni ardhi. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilibomolewa moja baada ya nyingine, yakapanda maghorofa, na chumba cha viti kumi na viwili kikawa na thamani zaidi kama stoo ya mabegi. Mwenye nyumba wangu alikuwa muungwana. Alinipa muda wa kutosha kuuza mashine. Hakuna aliyezitaka. Kibao nilimpa mpiga picha wa pasipoti, akakigeuza nyuma na kuandika bei zake.

Nimesema mengi ya mji, lakini jaribio kubwa kuliko yote nchini halikufanyika mjini. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, katika vijiji 170 vya Tanga, maelfu ya watoto ambao wengi hawakuwa wakienda shule walipewa vishkwambi vyenye programu za kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya onebillion na Kitkit School. Na masomo yale yalikuwa kwa Kiswahili. Walioandaa shindano walielewa kwamba mtoto huanza na lugha aliyo nayo, jambo ambalo sisi wenye vibao hatukuwa na nafasi ya kulifikiria, maana wateja wetu walikuwa wameshavuka umri huo. Baada ya sensa ya 2022, vishkwambi vilivyohesabia watu, karibu laki tatu, viligawiwa walimu nchi nzima. Amri ya 1974 ilipotoka, kompyuta zote za nchi zingehesabika kwa vidole.

Siku hizi nikienda Kariakoo napumzika kwenye duka la taa la mwanafunzi wangu wa zamani, mtoto wa yule mpara samaki. Anafuata mzigo Guangzhou mwenyewe. Jirani yake wa ukuta ni kijana wa Kichina mwenye stoo ya nyaya. Wakipatana bei, kila mmoja anaongea na simu yake kwa lugha ya nyumbani, simu inaisema kwa lugha ya mwenzake, na Kiingereza hakipiti hapo kabisa. Nilimuuliza kama kile nilichomfundisha kimemfaa. Akacheka, akasema watoto wake watatu wako inglishi midiamu na ada ndiyo inayomtoa jasho. Halafu akavuta droo, akatoa karatasi za kontena, akanionyesha kipengele cha bima ambacho simu imemtafsiria kwa namna tatu tofauti. Nikavaa miwani. Kijana wa Kichina naye akaburuta kiti chake, kwa sababu kontena ni la wote wawili, na tukaanza kukisoma mstari kwa mstari, yule mtoto wa Feri akinikatiza kila mara kuniambia neno linalofuata lazima litakuwa nini.